Siku yangu na pointa ghafi, Ngamiani, Tanga

Saa 12 asubuhi. Baiskeli zimeshaanza kupita. Nanunua mbaazi za nazi na mahamri kwa bibi jirani. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, leo huendi kazini?" Kazi yangu iko mezani nyumbani: najaribu kompaila ya lugha ya programu ya Rust, yaani kile kinachogeuza msimbo kuwa maelekezo ya kichakataji.

Saa 2. Nina baiti tano kwa heksa: 11, 22, 33, 44, 55. Nasoma namba ya biti 32 kuanzia baiti ya pili, kwa pointa ghafi, yaani anwani ya memori ambayo Rust haiikagui. Baiti nimezikalisha kwenye anwani inayogawanyika kwa 16, maana bila hivyo hiyo ya pili ingeweza kuangukia anwani nzuri kwa bahati tu. Hapa read ya kawaida, inayodai anwani igawanyike kwa 4, ni kosa; inatakiwa read_unaligned, isiyodai hivyo. Jibu sahihi ni 0x55443322, maana baiti inayosomwa kwanza hukaa mwisho wa namba.

Saa 4. Jaribio limepita. Nafungua asembli, yaani maelekezo ya kichakataji yaliyotolewa na kompaila: hakuna usomaji hata mmoja! Kompaila iliziona baiti zote mapema, ikapiga hesabu yenyewe na kuandika jibu kavu. Memori haikuguswa kabisa. Naipitisha pointa ndani ya black_box ili kompaila isijue inakotoka. Sasa mov, agizo la kusoma memori, imetokea.

Saa 7. Swala, wali na samaki.

Saa 8. Sehemu niipendayo. Kwenye x86-64, aina ya kichakataji cha kompyuta yangu, mov husoma hata anwani isiyogawanyika kwa 4 bila kulalamika, kwa hiyo kosa linajificha. Ndiyo maana jaribio lililopita kwenye kompyuta yangu peke yake halinitoshi. Naangalia LLVM IR (msimbo wa kati wa kompaila) iliyokwisha kuboreshwa: read imeahidi align 4, yaani anwani inagawanyika kwa 4; read_unaligned align 1, yaani anwani yoyote. Nakompaili kwa RISC-V, kichakataji cha aina nyingine, isiyokubali usomaji wa anwani isiyogawanyika. Ile ya align 4 ni lw moja (husoma baiti nne kwa pamoja); ya align 1 imegeuka lbu nne (kila moja husoma baiti moja), baiti zinasogezwa na kuunganishwa moja moja. Kazi safi sana. Narudi x86-64 na baiti 16 kwa mkupuo: ahadi ya uongo inazaa movaps, agizo linalodai anwani igawanyike kwa 16, programu inaanguka palepale. movups, isiyodai hivyo, inapita salama.

Saa 10. Miri, chombo cha kukagua programu za Rust zinapoendeshwa, inaikamata read mbovu na kuutaja mstari wenyewe.

Saa 11. Juu ya jaribio naandika: "black_box isiondolewe, bila hiyo hakuna kinachosomwa." Natuma, nachukua baiskeli kwenda Raskazone kabla jua halijazama.