Mzee wa vidole vinne

Famoso, uwanja wa mbio za magari huko California, nilifika kwa sababu ya mzigo tu. Nilikuwa nimeshusha Bakersfield, saa zangu za kuendesha lori zimeisha, ndipo dereva mwenzangu wa Mombasa akanipigia: "Wewe si fundi? Njoo huku uone maajabu." Ilikuwa Oktoba, kwenye mkusanyiko wa magari ya zamani ya dragi, yale ya kufyatuka robo maili kwa mstari mmoja ulionyooka. Uwanja wenyewe umezungukwa na mashamba, vumbi tupu.

Katika yote yaliyoegeshwa, moja lilinigandisha. Lilikuwa na injini mbili za V8, yaani za silinda nane kila moja, zilizopangwa ubavu kwa ubavu, dereva akikaa nyuma yake. Nikachuchumaa kutafuta mnyororo au mkanda unaoziunganisha. Hakuna. Meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa injini, ya injini hii yameng'atana na meno ya flaiwili ya ile, basi. Sasa gia mbili zikiumana, moja lazima izunguke kinyume. Nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa akifuta oili pembeni, na naona alikuwa akisubiri kuulizwa siku nzima. Ndiyo, injini moja inazunguka kinyumenyume, na kamshafti yake, ile shafti inayofungua vali, ilichongwa maalumu kwa ajili hiyo. Nikatikisa kichwa. Mimi kuseti taimingi ya injini moja tu gereji Mwanza kulishanitoa jasho.

Mzee akafunguka. Mwaka 1957 NHRA, chama cha mbio hizo, kilipiga marufuku nitromethane, au nitro, mafuta makali ya mbio, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1963. Waliobanwa na petroli wakaitafuta nguvu kwa kuongeza injini. Mwaka 1961 Jack Chrisman alishinda mashindano ya Winternationals pale Pomona na injini mbili za Chevrolet kwenye chesisi moja. Mwaka huohuo Tommy Ivo, mwigizaji wa televisheni, akapitiliza kabisa: gari lenye injini nne za Buick, silinda 32, jozi moja ikivuta matairi ya mbele na nyingine ikisukuma ya nyuma. Matairi yote manne yalikuwa yakifuka moshi, dereva haoni aendako. Wakubwa wake wa televisheni wakamkataza kuliendesha, ikabidi amtafute mtu mwingine. NHRA nayo ikaliruhusu kwa maonyesho tu, si kwa mashindano.

Nikamwambia mzee kwamba hilo la injini nne ni sarakasi. Uzito wa injini zote hizo unakula nguvu ileile unayoitafuta. Hizi mbili hapa ndizo hesabu ya fundi. Akakataa katakata.

Jioni magari yakaanza kutolewa, pikapu zikiyasukuma kwa nyuma mpaka yawake. Hapo nilicheka kwa sauti. Kusukuma gari lishike moto kwetu ni shida ya asubuhi, huku watu wamelipa kiingilio kuja kuishangilia! Halafu yakapangwa kwenye mstari, yakanguruma pamoja, ndimi za moto juu ya eksozi. Harufu ya nitro ikaniwasha macho, kifua kikatetemeka, rafiki yangu akaziba masikio kwa viganja vyote viwili. Huwezi kusikia neno la mtu.

Mzee hakukubali yaishe. Akanishika bega, akaninyooshea vidole vinne usoni. Nikamrudishia viwili.