Karani wa mizani na mwaka wa korona

Mimi ni karani wa mizani hapa mwalo wa Igombe, Ilemela, Mwanza. Mitumbwi ikiingia alfajiri, sangara anapanda mizani, mimi naandika: jina la mvuvi, kilo, bei ya siku, na upande wa kulia deni lake. Mafuta, nyavu, ndoano, mara nyingine hela ya mtoto aliyelazwa. Tajiri wangu haamini mdomo wa mtu, anaamini daftari. Miaka imekwenda, na mimi nimekuwa vilevile.

Juzi nilikuwa nafukua deni moja la zamani nikakutana na daftari la 2020. Ukurasa wa Machi una doa la petroli, na pembeni nimeandika "shule zimefungwa". Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, mtu aliyetoka Ubelgiji, akashukia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, akakutwa nao Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu akafunga shule. Ila ukisoma safu ya bei utaona kwetu korona ilitangulia kufika. Wachina walipofungiana kule kwao, mabondo yalikosa mnunuzi, na bondo ndilo linalomfanya mvuvi atabasamu. Kibofu kile cha hewa kinalipa kuliko nyama yenyewe. Halafu zikasimama ndege. Minofu mibichi ya sangara wa Mwanza inaliwa Ulaya, na inapanda ndege kwenda huko. Ndege zisiporuka, kiwanda kinapunguza mzigo. Kiwanda kikipunguza, gari la barafu halishuki Igombe.

Kuna asubuhi moja siisahau. Kijana mmoja alileta kilo 84, samaki wa kupendeza, wote wa saizi. Dereva wa gari akampigia bosi wake, akasikiliza, akakata simu, akasema leo wanachukua nusu tu. Bei ilikuwa imeshashuka mara tatu ndani ya wiki. Ile nusu nyingine ikabaki juu ya turubai, barafu inayeyuka, macho ya samaki yanaanza kuwa na ukungu. Mwishowe kina mama wa kayabo, wale wanaokausha samaki wa chumvi, wakaja na chumvi, wakachukua kwa bei ambayo naona aibu kuiandika hapa. Samaki waliobaki wakakaangwa pale pale. Wiki ile Igombe tulikula mnofu. Watoto waliozoea mapanki, yaani kichwa na mifupa inayotoka viwandani, wakawa wanauliza huyu samaki mbona hana miiba.

Sasa, kufungiwa ndani hatukufungiwa. Uganda walifungiwa, Rwanda walifungiwa, sisi masoko wazi, makanisa na misikiti wazi, Aprili tukatangaziwa siku tatu za maombi ya kitaifa. Kwa hilo sina ugomvi na hayati Magufuli, na najua wasomi watanishambulia. Mvuvi hana mshahara wa kumsubiri nyumbani. Angeambiwa akae ndani wiki mbili, angekula nini, wavu? BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, wakaweka ndoo ya koki karibu na mizani yangu. Sabuni ikaibwa mara mbili, ya tatu tukaitoboa tukaifunga kwa uzi wa nyavu, ikadumu. Kwenye daladala leveli siti, hasimami mtu. Nyumbani ilikuwa nyungu, kujifukiza mvuke: mkaratusi, mchaichai, mwarobaini, unajifunika blanketi unatoka jasho kama umetoka kuoga. Malimau yakapanda bei kuliko dagaa.

Mei Benki Kuu ikatoa nafuu zake. Mbili zilinigusa. Kiwango cha miamala ya simu kwa siku kilipandishwa kutoka milioni 3 hadi 5, na hilo lilimsaidia tajiri kulipa watu bila kubeba mfuko wa noti. Lile la benki kuwapa wakopaji muda zaidi halikufika kwetu. Hapa watu hawakopi benki, wanakopa kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Dada mmoja wa kukaanga alikuja kuchukuliwa sufuria zake tatu mchana kweupe, bado zina mafuta. Julai tukaambiwa nchi yetu imeingia uchumi wa kati. Yule dada alicheka sana.

Ninachokidai mimi ni hesabu. Mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu ilisimama: wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo kimya, zaidi ya mwaka. Mtu wa daftari nakwambia, ukiacha kuandika, deni halifutiki, ila hujui tena nani anadaiwa nini. Mwanzoni mwa 2021 tukaanza kusikia neno jipya: changamoto ya upumuaji. Fulani amefariki, alikuwa na changamoto ya upumuaji. Mzee wetu wa kushona nyavu aliondoka hivyo, siku nne tu. Alikuwa na deni la 46,000. Nilipiga mstari kwenye jina lake nikaandika "amefariki", kalamu ikasimama kwenye sababu. Nikaacha wazi. Waliomfuata wiki zile nao nikawaachia wazi. Nikisema serikali iliogopa namba, na mimi je?

Machi 17, mwaka kamili tangu shule zifungwe, Rais akafariki. Tarehe 24 tukamuaga uwanja wa CCM Kirumba, watu kama dagaa.

Mama Samia akaja na barakoa usoni, Julai 28 akachanjwa mbele ya kamera. Mimi nilichoma ile ya dozi moja mwezi uliofuata. Wavuvi wakanipa miaka miwili ya kuishi. Walionitania bado nawapimia samaki. Kisha ukaja mkopo wa IMF, dola milioni 567, kwa hela yetu trilioni 1.3, na yakajengwa madarasa 15,000 nchi nzima.

Nililiingia moja mwaka juzi, kwenye kikao cha wazazi wa kidato cha kwanza, nikiwa na mdogo wake binti yangu. Wakati wa korona alikuwa na miaka mitatu. Ukutani wameandika kwamba darasa limejengwa kwa fedha za UVIKO-19. Akasoma polepole kwa kidole.

"Mama, huyu Uviko ni mzungu?"

Nikamwambia ni ugonjwa.

"Uliua watu?"

"Uliua."

"Hata Igombe?"

"Hata Igombe."

"Wangapi?"

Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kusoma ajenda. Nikamvuta akae.