Munich mpaka Granada kwa gari, mipango ilipofikia

Ramani ya kwanza aliyoirusha kaka yangu kwenye grupu la familia ilikuwa na nchi tisa. Tisa wallahi! Tutoke Munich tunakoishi twende Prague, Vienna, Budapest, tushuke Croatia, tukate Slovenia, tuizunguke Italia yote, Ufaransa, Uhispania, na kule mwisho kabisa ameandika "Morocco ikiwezekana". Yeye ni mtu wa trela, Mombasa–Malaba ndio ofisi yake, kwa hivo kilomita hazimtishi hata kidogo. Lakini ndani ya gari atakuwepo mamdogo na magoti yake, watoto wawili ambao kila nusu saa wanataka msalani, mume wangu ambaye hali chochote barabarani, na mimi. Nikamwambia bro, hio si safari, hio ni kukimbizana na mihuri ya pasipoti, na mihuri yenyewe siku hizi hakuna manake mipaka mingi ya huku unaipita bila hata kujua umeipita.

Basi tumebishana weee mpaka zimebaki nchi ambazo ziko njiani tu. Munich, kona ndogo ya Austria, Uswisi, Ufaransa, Uhispania, mwisho Granada. Ni kama kilomita 2,200 kwenda peke yake, yaani kama kutoka Mombasa mpaka Kampala kisha urudi. Inatosha sana.

Kilichoua Morocco ni viza. Kaka anakuja na viza ya kuingia mara moja ya Schengen, zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi mipakani, na ukishavuka na feri kutoka bandari ya Algeciras umetoka Schengen, hio viza imekwisha, utarudi vipi Munich kuchukua mabegi yako? Uswisi haina shida hio, haimo kwenye Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen. Wenye jamaa wanaotaka kuja muelewe hili pia, ombi la viza linapelekwa kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi, sio ile ndege inapotua. Kwetu ni Ujerumani kwa sababu atakaa na sisi zaidi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima ifunike angalau euro 30,000. Na mamdogo nimeshamwambia asifunge nyama wala maziwa kwenye begi, forodha za huku wanachukua na kutupa, alete viungo vya pilau na kahawa tu.

Sasa njia. Kutoka Munich unashika barabara kuu ya A96 mpaka Lindau, hapo unaingia Austria kidogo tu halafu Uswisi. Kawaida barabara kuu za Austria zinataka stika, ile wanayoita vignette, na watu wengi wananunua kwa uoga. Lakini tangu Desemba 2019 kipande cha A14 kutoka mpaka wa Ujerumani hadi Hohenems hakihitaji stika. Unapita handaki la Pfänder, unatokea Hohenems, unavuka daraja uko Uswisi. Ukipitiliza Hohenems hapo ndio utalipa, na faini yao ni kubwa kuliko stika yenyewe mara nyingi sana, kwa hivo jicho kwenye vibao.

Uswisi hakuna ujanja, stika ni faranga 40 ya mwaka mzima, hata kama unapita mara moja tu mchana. Hawana ya wiki. Siku hizi unainunua mtandaoni kwa namba ya gari, huna haja ya kubandika kwenye kioo. Mwendo ni 120 na wale watu hawana utani, ukizidisha sana si faini tu, unaweza ukajikuta mahakamani. Hata apu inayokuonya kamera iko wapi ni marufuku, izime kabla hujavuka. Kaka alikuwa ananiuliza kuhusu Autobahn, barabara kuu za Ujerumani ambazo sehemu nyingine hazina kikomo, macho yanamng'aa kabisa, nikamwambia hapo Lindau ndoto imeisha.

Kitu kingine cha Uswisi ambacho kinawauma watu ni simu. Bando lako la Ujerumani linafanya kazi Ufaransa na Uhispania bila nyongeza, lakini Uswisi haimo kwenye huo mpango wa Umoja wa Ulaya. Rafiki yangu mmoja aliacha watoto waangalie katuni nyuma kutoka St. Gallen mpaka Geneva, bili ilipokuja alidhani wamekosea jina. Sisi ramani tumeshaidownlodi, data zinazimwa mpakani, watoto wataangalia ng'ombe. Na mfuko wa chakula pia una sheria, nyama ni kilo moja kwa kila mtu kuingia Uswisi bila ushuru, tuko sita kwa hivo mishikaki ya mamdogo iko salama.

Kulala Uswisi hatulali, bei zake hapana. Tunasukuma mpaka Annecy upande wa Ufaransa, siku ya kwanza ndio ndefu kuliko zote, kama kilomita 600. Baada ya hapo nimekataa siku mbili ndefu kufuatana. Annecy mpaka Nîmes, Nîmes mpaka karibu na Barcelona, Barcelona mpaka Valencia, Valencia mpaka Granada, na katikati tunapumzika. Madereva ni watatu, na hapa msisahau kuangalia karatasi ya bima ya gari lenu nani ameruhusiwa kuendesha. Yetu ilikuwa na majina mawili tu, tumemuongeza kaka kwa muda, pesa kidogo tu. Yeye anakuja na leseni yake ya Kenya pamoja na ile ya kimataifa. Nimempangia aanze kuendesha Ufaransa kwenye barabara kuu iliyonyooka, sio mjini Munich, manake ameendesha kushoto maisha yake yote na kwenye keepi lefti za huku unazunguka upande mwingine kabisa.

Ufaransa unalipa kwa umbali, unachukua tiketi ukiingia, unalipa ukitoka. Ukifika kwenye vibanda usiingie njia yenye alama ya "t" ya rangi ya machungwa peke yake, hio ni ya wenye kifaa cha kulipia kwenye gari, utakwama hapo na foleni nyuma inakupigia honi. Tafuta yenye picha ya kadi au mshale wa kijani. Mwendo 130, mvua ikinyesha 110. Petroli usijaze kwenye vituo vya barabara kuu, toka nje kidogo kwenye supamaketi ni nafuu, na ukivuka La Jonquera kuingia Uhispania kawaida inashuka zaidi.

Sasa tarehe, na hapa ndipo nilipogombana na kila mtu. Wote walitaka Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Hio ndio siku Wafaransa wa likizo ya Julai wanarudi nyumbani na wa Agosti wanaondoka, wote kwenye A7 ile ya Lyon kushuka kusini. Serikali yao ina huduma inaitwa Bison Futé inayotoa kalenda ya foleni kwa rangi, kijani, machungwa, nyekundu, na nyeusi, na Jumamosi za wakati huo mara nyingi ni nyeusi. Kwa nini nijipeleke? Shule za Bavaria, jimbo letu la Munich, zinafungwa karibu na mwanzo wa Agosti mpaka katikati ya Septemba, sisi tuna bahati hio, wakati Ufaransa watoto wamesharudi darasani. Tunaondoka mwisho wa Agosti, katikati ya wiki. Hata joto la Murcia na Granada litakuwa limeanza kupungua, sio baridi, limepungua tu.

Uhispania imekuwa rahisi. Barabara kuu ya AP-7 ya pwani zamani ilikuwa ya kulipia, lakini kipande cha Tarragona mpaka Alicante kiliachiwa bure Januari 2020 na kile cha kutoka mpaka wa Ufaransa kushuka Tarragona kikafuata Septemba 2021. Kwa hivo bajeti zilizoandikwa zamani msizifuate. Barcelona hatuingii na gari, magari ya nje lazima yasajiliwe kabla ya kuingia eneo lao la hewa safi siku za kazi, na kupaki nako ni balaa. Tunalala Mataró, tunaacha gari, tunapanda treni inayokwenda kandokando ya bahari mpaka mjini.

Granada yenyewe katikati kuna kamera, hoteli inabidi iwape watu wa manispaa namba ya gari lako la sivyo faini inakufuata mpaka nyumbani. Nimeshawaandikia. Tiketi za Alhambra, ile ngome ya wafalme Waislamu wa zamani, zinauzwa kwa jina na namba ya pasipoti, na kwenye majumba ya Wanasri, yaani ukoo wa hao wafalme, unapewa saa kamili ya kuingia, ukichelewa imekula kwako. Zinaisha mapema, kwa hivo hio ndio kitu cha kwanza tulicholipia, kabla hata ya hoteli, na safari nzima tumeipanga kurudi nyuma kutoka hio saa. Mamdogo yeye anataka Ijumaa aswali kwenye msikiti mkuu wa Albaicín, mtaa wa zamani wa Granada, ule uliofunguliwa 2003, bustani yake inatazamana na Alhambra ng'ambo ya bonde. Njia za kule ni ngazi na mawe, magoti yake tutayapandisha kwa basi dogo.

Kilichobaki ni Valencia. Tuko sita, tunataka nyumba ya chini isiyo na ngazi, yenye jiko na pahali pa kupaki, isiwe mbali sana na AP-7. Aliyewahi kulala huko na wazee aniambie ni mtaa gani.