Tulivyozidai dakika za jikoni Kilimani

Ukipeleka chakula kwa pikipiki hapa Nairobi, bosi wako ni alama. Kampuni ninayoipelekea oda (siitaji, bado ndiyo inayonilisha) humpa kila mmoja wetu alama zake, na mwenye alama za juu ndiye anayefunguliwa zamu mapema. Anazoa mchana na jioni. Sisi wengine tunaokota saa nne asubuhi, Kilimani nzima ikiwa imeshakunywa chai. Alama hushuka ukikataa oda, na hushuka zaidi ukichelewa. Zikishuka mno akaunti inafungwa, na ujumbe wa kukufungia hauna jina la mtu.

Taabu ilikuwa jinsi kuchelewa kunavyohesabiwa. Saa inaanza kukimbia oda inapoingia kwenye simu, si unapokabidhiwa mfuko. Ijumaa jioni karibu na jengo la maduka la Yaya, kuku bado yuko kwenye mafuta, wewe umesimama kaunta na helmeti mkononi, dakika zinakatika kwa jina lako. Ukifika kwenye ghorofa, askari anataka kitambulisho, anaandika namba ya pikipiki polepole kwenye kitabu chake, kisha anakuambia lifti si ya watu wa delivari, pita ngazi. Dakika hizo nazo ni zako. Pa kuzifidia ni barabarani tu, ndiyo maana unawaona vijana wakikata taa nyekundu pale Argwings Kodhek.

Lakini kilichoniudhi mimi ni kwamba alama zilitufanya tuoneane kijicho. Zamu ni chache, yangu ikipanda yako imeshuka. Mtu akijua mkahawa unaotoa chakula haraka, ananyamaza. Kundi letu la WhatsApp lilikuwa la michango ya matanga na spea za kuuza, basi.

Septemba 2023 EPRA, mamlaka inayopanga bei ya mafuta, ikatangaza petroli shilingi 211 na senti 64 kwa lita, na malipo yetu kwa oda hayakusogea. Wapo waliotaka tuzime simu wote Ijumaa. Nilipinga, na bado naona nilikuwa sawa. Mgomo wa Kilimani unavunjwa na vijana wa Kileleshwa, maana programu humwita yeyote aliye karibu. Tena mwenye pikipiki ya mkopo analipa kila siku, hana Ijumaa ya kupoteza.

Nilichopendekeza ni kitu kidogo: ukifika mkahawani piga picha ya skrini, ukipewa mfuko piga nyingine, zote mbili tuma kwenye kundi pamoja na jina la mkahawa. Mwanzoni walituma wachache. Wengine waliogopa kwamba kundini kuna sikio la kampuni, na huenda lilikuwepo. Dada mmoja wa steji yetu akajitolea kunakili kila kitu kwenye kaunta buku: tarehe, mkahawa, saa ya kufika, saa ya kupewa. Kurasa zilipoanza kujaa, mambo yakajionyesha. Mikahawa ileile, saa zilezile, anasubirishwa mwenye alama za juu na wa chini vilevile. Yale maneno kwamba fulani anafungiwa kwa sababu ni mvivu yakaisha steji.

Kijana wa Kawangware alipofungiwa, tuliandika barua. Wengi hukimbilia Kifungu cha 41 cha Katiba, kinachompa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma. Ni kizuri, ila kampuni itakujibu kwamba wewe si mfanyakazi, ni mshirika, na hapo mtabishana hadi mzeeke. Binamu yangu anayesomea sheria akatuelekeza kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35: uamuzi unaokugusa kwa uzito ukifanywa na mashine peke yake, unapaswa kuarifiwa kwa maandishi, na unaweza kuomba ufikiriwe upya. Sheria hiyo haiulizi kama umeajiriwa.

Barua ilikuwa moja, majina yetu yote yakifuatana kwa alfabeti ili asitafutwe kiongozi wa kufungiwa wa kwanza. Tuliambatanisha picha za kaunta buku na kupeleka nakala kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Jibu la kwanza lilikuwa lile la mashine. Tukaituma tena. Halafu akapiga simu mtu, mtu kabisa, akauliza maswali kuhusu mikahawa miwili, na akaunti ya kijana ikafunguliwa bila maelezo. Kipindi chote hicho tulikuwa tunamchangia malipo ya mkopo wa pikipiki kwa M-Pesa, la sivyo wenye mkopo wangeichukua kabla barua haijajibiwa.

Baadaye programu iliongezwa kitufe cha kuonyesha umefika mkahawani. Sidai ni sisi tuliokileta. Dakika za getini ndizo bado zinatukata, na sasa kaunta buku ina kurasa za mageti. Meneja wa jengo moja alipoonyeshwa zake alituruhusu lifti ya mizigo. Wa jengo la jirani amesema tumwandikie barua, na inaandikwa.