Redio ya Bluetooth kwenye RunX: kumbukumbu ya mradi

Gari: Toyota RunX NZE121. Redio iliyopo: mtumba ya Kijapani ya CD na MD (diski ndogo za MiniDisc), FM yake inaanzia 76 na kuishia 90. Kwa Dar maana yake Wasafi FM (88.9) inashika, EFM (93.7) haishiki mpaka kiwepo kile kiboksi cha kushusha masafa kwenye waya wa antena, na kipo. Vichwa vya waya vya kiwandani vilishakatwa na fundi aliyetangulia. Spika nne, ya nyuma kushoto hailii. Bajeti: laki mbili kwa kila kitu, kuanzia redio hadi tepu. Kinachotakiwa: muziki na simu kwa Bluetooth, flashi, na FM yote.

Kuchagua

Kioo cha inchi 7 kimetolewa kwenye hesabu mapema. Vingi vya bei ya chini vina nukta 800 kwa 480, na yale maandishi ya 1080p kwenye boksi yanahusu faili ambalo redio inaweza kulifungua, si kioo chenyewe. Cha Android chenye RAM ya GB 1 kinajikongoja: unaingiza rivasi, picha ya kamera inakuja ukishamaliza kurudi nyuma. Halafu jua la saa nane likikukuta kwenye foleni ya Mwenge, kioo cha bei hii hakisomeki. Mwenye fedha zaidi ana sababu ya kukitaka. Kwa laki mbili, redio nyembamba ya DIN moja (kipimo cha kawaida cha redio za gari, nusu ya urefu wa zile kubwa) yenye kitufe kikubwa cha kuzungusha sauti inatoa mlio bora na inabakiza hela ya waya. Hiyo ndiyo iliyochaguliwa, isiyo na sehemu ya CD. Faida ya kukosa CD ni kwamba mwili wake ni mfupi, hivyo nyuma kunabaki nafasi ya kulaza waya bila kuzikandamiza.

Kuhusu wati, usibabaishwe. Boksi linasema 4×60W. Geuza redio utazame fyuzi iliyo nyuma: ampia 10. Gari likiwa linaunguruma umeme ni kama volti 14.4, kwa hiyo redio nzima haiwezi kuvuta zaidi ya wati 144 mfululizo, na sehemu ya hizo inaishia kuwa joto. Hizo 240 zitoke wapi? Chipu ya sauti ya TDA7388, ambayo ni ya kawaida kwenye redio za gari, karatasi yake ya kiwandani inataja wati 26 kwa kila spika ya ohmu 4 kwa volti 14.4, tena kukiwa na mkwaruzo wa asilimia 10. TDA7850 inafika 30. Redio ya bei ndogo ikitoa wati 15 safi kwa kila spika, imefanya kazi yake.

Muhimu kuliko wati ni kipande cha aluminiamu kilichobanwa na chipu. Kwenye redio nzuri ni kinene na kina mapezi. Kwenye dhaifu, chipu imeegeshwa kwenye bati la boksi lenyewe, na kwa gari linaloanikwa juani Posta siku nzima, bati hilo tayari ni la moto kabla hujawasha muziki.

Kariakoo wauzaji wengi wana umeme wa volti 12 na spika ya kujaribia. Usikubali kujaribiwa kwa flashi ya dukani peke yake. Unganisha simu yako mwenyewe, piga muziki, kisha piga simu na umuulize uliyempigia anakusikiaje. Baada ya hapo mwambie muuzaji akate waya mwekundu (wa switchi) aurudishe, wa njano (wa betri) ukiwa umeshikilia moto. Redio ikisahau simu yako na stesheni ulizohifadhi, irudishe kwenye rafu. Angalia pia kama ina tundu la maiki ya nje. Maiki iliyofichwa usoni mwa redio iko jirani na matundu ya AC, na feni ikizungushwa namba tatu unayeongea naye anasikia upepo mtupu.

Uwazi wa dashibodi

Toyota za Japani zina uwazi wa milimita 200 kwa 100. Redio ya kawaida ina upana wa karibu 180, hivyo kila upande unabaki uwazi wa milimita 10. Vipande vya plastiki vya kuziba pembeni vinauzwa jozi. Kwa DIN moja inahitajika pia sanduku dogo la urefu wa milimita 50 kujaza nusu iliyobaki. Vyuma vya pembeni vya kiwandani vinatumika vilevile: skrubu ni M5 za urefu wa milimita 8. Usiweke ndefu zaidi, zinapenya na kugusa saketi za ndani ya redio.

Kufungua

Hasi ya betri inatolewa kwanza, kisha unasubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa dashibodi, kwa sababu ya eabegi. Vichwa vya njano vya eabegi haviguswi kabisa. Fremu ya plastiki imeshikwa na klipu: vuta kwa vidole kuanzia chini, na bisibisi ya bapa uifunge kitambaa, la sivyo itaacha alama. Nyuma ya fremu kuna kichwa cha waya cha switchi ya hazadi, kichomoe usije ukakikata. Redio yenyewe imeshikwa na boliti nne za namba 10.

Waya: sehemu iliyokula muda

Vichwa vya kiwandani vingekuwa vizima, kazi hii ingekuwa ya kununua waya wa kuunganishia wa Toyota na kuchomeka, basi. Kwa kuwa vimekatwa, kila waya lazima utambuliwe kwa mita ya kupimia umeme. Rangi za Toyota ni hizi:

- bluu yenye mstari wa njano: moto wa betri, upo muda wote
- kijivu: moto wa switchi, upo ufunguo ukigeuzwa tu
- kahawia: ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye chuma cha gari
- kijani: taa za dashibodi
- pinki na zambarau: mbele kushoto, chanya na hasi
- kijani mpauko na bluu: mbele kulia, chanya na hasi
- nyeusi na njano: nyuma kushoto, chanya na hasi
- nyekundu na nyeupe: nyuma kulia, chanya na hasi

Sasa tazama rangi za redio za madukani: njano ni betri, nyekundu ni switchi, nyeusi ni ethi. Rangi zilezile tatu, kwenye waya za Toyota ni spika za nyuma. Anayeunganisha njano na njano, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, amepeleka spika mahali pa umeme. Redio nyingi zinazosemwa ni mbovu toka dukani zimeuawa hivi.

Na ndicho kilichokutwa kwenye RunX hii. Chini ya tepu iliyoyeyuka gundi kulikuwa na fundo la waya tatu: nyeusi ya redio ya zamani, kahawia ya gari, na nyeusi ya gari. Mita kati ya nyeusi ya gari na bodi (chuma cha gari) ilisoma ohmu 0.3, yaani chanya ya spika ya nyuma kushoto imelazwa kwenye ethi. Kwenye redio za sasa waya zote mbili za spika zinaendeshwa na chipu, na kila mmoja unakaa karibu nusu ya volti za betri juu ya bodi. Ukiushusha mmoja kwenye ethi, umeme wa moja kwa moja unapita ndani ya spika mfululizo. Chipu inapata joto, inajilinda kwa kuzima, na ikishindwa kujilinda inakufa. Kwa sababu hiyohiyo usiunganishe hasi za spika pamoja, hata kama kwenye magari ya zamani sana ilifanyika.

Fundo lilikatwa, na nyeusi na njano za gari zikapimwa peke yake: ohmu 3.6. Betri ndogo ya rimoti ya volti 1.5 iliguswa kwenye waya hizo mara moja na spika ikatoa "tap" kutoka nyuma kushoto. Ilikuwa nzima muda wote huo.

Utaratibu wa kupima, kwa yeyote aliye na waya zilizokatwa: rudisha hasi ya betri, switchi ikiwa imezimwa, waya wenye volti kama 12.5 dhidi ya bodi ni moto wa betri. Geuza switchi kwenye ACC (hatua ya ufunguo inayowasha redio bila injini), mwingine utakaopata moto ni wa switchi. Washa taa ndogo, unaofuata ni wa taa za dashibodi. Ambao mita inasoma karibu sifuri ohmu dhidi ya bodi ni ethi. Toa hasi ya betri tena. Zilizobaki ni za spika: kila jozi isome ohmu 3 hadi 4, na hakuna hata mmoja unaotakiwa kugusana na bodi. Jozi inayosoma wazi kabisa mara nyingi imekatika kwenye mpira wa mlangoni, pale waya zinapokunjwa kila mlango unapofunguliwa. Betri ya volti 1.5 inakuonyesha ni spika ipi, na pia upande: ukigusa chanya kwa chanya, karatasi ya spika inasogea nje. Spika mbili za mbele zikiwa zimepishana upande, besi inapotea na watu wanalaumu redio.

Kuunganisha: hakuna kusokota na kuzungushia tepu. Kwa joto la hapa gundi inalainika, tepu inateleza, na hewa ya chumvi inageuza shaba kuwa kijani ndani ya miezi. Kila waya umechunwa sentimita 1, umechomelewa kwa risasi, na kufunikwa na mrija wa kusinyaa wa milimita 3 (mrija unavishwa kabla ya kuchomelea). Viungio vimepishanishwa ili visikae sehemu moja na kufanya uvimbe. Ethi haikutegemea waya wa kahawia peke yake: waya wa milimita za mraba 1.5 umepelekwa kwenye boliti ya chuma cha dashibodi, rangi ikiwa imekwanguliwa. Mluzi unaopanda na kushuka na injini mara nyingi huletwa na ethi mbaya.

Njano ya redio imeenda kwenye moto wa betri, nyekundu kwenye moto wa switchi. Zikiunganishwa zote kwenye switchi, redio inasahau kila kitu ukizima gari. Zikiunganishwa zote kwenye betri, haizimiki pamoja na gari.

FM na antena

Kiboksi cha kushusha masafa kimetolewa, antena inaingia moja kwa moja. Ukikiacha, redio mpya inaonyesha namba zisizolingana na stesheni. Baada ya hapo, kwenye menyu, eneo limewekwa Ulaya: 87.5 hadi 108, kwa hatua ndogo. Zikitoka kiwandani zikiwa kwenye Marekani zinaruka 0.2 kwa 0.2 na kushika tarakimu witiri tu. Inadanganya, kwa sababu 88.9 na 93.7 zinaingia vizuri na unadhani mambo yako sawa, huku stesheni za tarakimu shufwa zikirukwa.

FM ikiwa hafifu kila mahali, angalia waya wa bluu wa redio. Magari yenye antena ya kwenye kioo yana kikuza mawimbi kinachohitaji moto kutoka hapo.

Bluetooth na maiki

Maiki imepita kwenye nguzo ya kioo cha mbele na kukaa juu, karibu na kinga jua la dereva, mbali na matundu ya AC. Namba ya kuunganisha ikiulizwa ni 0000 au 1234. Simu zikipita kwenye redio lakini muziki ukabaki kwenye simu, fungua mipangilio ya kifaa hicho kwenye simu: muziki na simu ni swichi mbili tofauti. Sauti ya simu iweke karibu na mwisho, kisha rekebisha kwenye redio. Kinyume chake kinaleta mvumo.

Umeme redio ikiwa imezimwa

Waya wa njano ulikatishwa na mita ikawekwa katikati, umeme ukipita ndani yake, gari limezimwa: miliampia 4. Inakubalika. Ingesoma 100, kwa siku ni ampia-saa 2.4, na kwa betri ya ampia-saa 35 gari likilala wiki moja karibu nusu imeondoka. Kwa gari linaloachwa nyumbani mwenye nalo akisafiri, kipimo hiki ni cha lazima.

Kilichobaki

Spika za mbele zina karatasi iliyopasuka ukingoni, zinakwaruza kuanzia nusu ya sauti. Zitabadilishwa na za inchi 6.5, ohmu 4, juu ya ringi za plaiwudi ya milimita 12 zilizopakwa vanishi pande zote, maana maji ya mvua hupita ndani ya mlango. Kina cha sumaku kipimwe kioo kikiwa kimeshushwa chote kabla ya kununua.