Kilomita 94 kwa baiskeli: nilivyofika kwa shangazi Urambo

Kutoka Tabora mjini hadi Ndono ni kilomita 42, na kutoka Ndono hadi Urambo ni 52. Miaka yote njia hiyo nimeipita ndani ya basi, mara nyingi nikisinzia. Shangazi yangu wa Urambo anaijua kuliko mimi, maana enzi zile marehemu baba alikuwa akienda kumjulia hali kwa baiskeli, barabara ikiwa bado ya vumbi. Kila nikifika huniuliza habari za njiani: miembe ya Ndono bado ipo? Watu wa Usoke wamevuna? Nami sina jibu. Safari hii nikaamua nimpelekee majibu.

Baiskeli yangu ni Phoenix ya kawaida, haina gia, ndiyo hizi zinazobeba mkaa na madumu ya asali kila siku. Ninalisema hili kwa sababu watu wengi wanadhani safari ndefu inataka baiskeli ya bei kubwa. Inataka baiskeli nzima. Nilimpelekea fundi, akakaza spoki, akabadilisha mipira ya breki, akafungua ekseli zote mbili kusafisha goroli na kuzitia grisi upya. Kisha nikapandisha kiti. Huku kwetu wengi huendesha kiti kikiwa chini ili miguu ifike ardhini, na ndiyo maana magoti yanawauma. Kipimo ninachokiamini ni hiki: kaa kitini, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu ukinyooka, kiti kipo sawa. Ukija kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti linabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo nguvu inapotoka.

Mzigo ulikuwa dagaa wa Kigoma, sukari, sabuni na kitenge. Niliugawa kwenye viroba viwili vikaning'inia huku na huku kwenye karia, nikafunga kwa mipira ya tyubu kuukuu. Mzigo ukikaa juu juu baiskeli inayumba kila gari likipita. Ukikaa chini inatulia.

Nilichagua mwezi wa saba, na sikuchagua kwa kubahatisha. Kiangazi upepo wa kwetu huvuma kutoka mashariki, na Urambo ipo magharibi ya Tabora, kwa hiyo unakusukuma mgongoni. Jua nalo asubuhi liko nyuma yako. Ila jua la Tabora huchelewa kuchomoza kuliko la Dar es Salaam, kwa hiyo saa kumi na mbili nilipoondoka bado palikuwa giza, na baridi ilikuwa ya kuuma vidole. Nilivaa sweta na fulana ya njano juu yake, tochi mbele, taa nyekundu nyuma. Kioo cha kwenye usukani kilinisaidia kuliko kitu kingine chochote. Nikiona lori kubwa nyuma na jingine linakuja mbele, nateremka pembeni mpaka yapishane. Sibishani na lori.

Hadi Ndono nilijizuia. Mwili asubuhi unataka kukimbia, lakini nguvu za asubuhi ndizo zitakazotakiwa saa nane. Nilikuwa nikinywa maji kidogo kidogo bila kusubiri kiu, dumu moja la maji matupu na jingine nimechanganya asali na chumvi kidogo. Chakula kilikuwa matobolwa na karanga za kukaanga. Matobolwa hayana mshindani katika safari: hayaharibiki, hayamwagiki, na viazi vile vikavu unavitafuna taratibu huku unakanyaga.

Ndono nilipumzika chini ya mwembe. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza miwa akaitikia shikamoo yangu, akaitazama karia, akauliza ninaenda wapi. Nilipomwambia, akasema, "Zamani ndivyo tulivyokuwa tunatembeleana, baba. Mtu alikuwa anatoka Urambo kuja msibani Tabora, anazika, anarudi." Nikamuuliza kuhusu miembe. Akasema michache ilikatwa, mingi ipo. Jibu la kwanza hilo.

Pancha ilinipata kabla ya Usoke. Mwiba. Nilikuwa na viraka, msasa, solusheni na pampu, nikaomba beseni la maji kwenye nyumba iliyokuwa karibu. Unaizamisha tyubu ukiwa umeijaza upepo, unafuata mapovu, unaweka alama, unakausha, unakwangua, unapaka solusheni na kusubiri mpaka isinate kidoleni ndipo unabandika. Lakini kazi kubwa ni ile ambayo wenye haraka huiruka: kupitisha vidole ndani ya tairi, polepole, mzunguko mzima. Ncha ya mwiba ilikuwa bado imo. Ningerudisha tyubu bila kuing'oa, kiraka kisingefika mbali. Mama mwenye beseni hakukubali niondoke bila uji.

Baada ya Usoke ndipo safari ilipokuwa nzito. Jua lilishahamia usoni, kofia ikawa na kazi. Pembeni mabani ya kukaushia tumbaku, mashamba yamebaki mashina matupu. Urambo ni moja ya sehemu walizochagua Waingereza mwaka 1947 kwa ule mpango mkubwa wa karanga, ukaanguka ndani ya miaka michache, na tumbaku ikachukua nafasi. Nilikuwa nikijipa vituo: nafika kwenye ule mti, nafika kwenye lile daraja dogo. Ukifikiria kilomita zote zilizobaki, miguu inakata tamaa kabla yako.

Saa tisa na nusu nilikuwa uani kwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba." Huniita hivyo kwa sababu nina jina la babu. "Basi limekushushia wapi?"

"Nimekuja na hii."

Akanyamaza, akazunguka baiskeli, akabonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba kama mnunuzi. Kisha akaita wajukuu wapashe maji ya kuoga na wakamate kuku. Hakuniruhusu kulala kabla sijamweleza yote: miembe, mzee wa miwa, Usoke, hata yule mama wa uji alitaka kujua ukoo wake.

Kurudi nilipakia baiskeli kwenye basi. Upepo uleule ulionileta ungekuwa kifuani, na Jumatatu nilitakiwa kazini. Shangazi ameshaniagiza: mwakani nikija vivyo hivyo, nipitie kwa yule mama, nimpelekee karanga zake.