Nilimwona Usangu

Bodaboda wa Rujewa, mji wa bonde la Usangu mkoani Mbeya, alinitajia elfu kumi na tano anipeleke kumtafuta ndege. Tulipofika kwenye matete akadai thelathini, "njia mbovu, dada." Hapajapambazuka, sina wa kumwuliza, nikalipa. Bado inaniuma, hasa kwa kuwa usiku ule nilishalipia chumba kisicho na neti na mbu wa mashamba ya mpunga hawakunipa usingizi.

Nilimfuata ndege mmoja wa jamaa ya kukuziwa, wale ndege wa majimaji. Mdomo wake mrefu ni mwekundu na miguu pia, kifua rangi ya majivu, mbavuni milia myeusi na myeupe. Kiwiliwili chake ni chembamba, kimebanwa ubavu kwa ubavu, kwa hiyo hupenya katikati ya mashina bila unyasi kutikisika. Sauti unaisikia. Mwenyewe humwoni.

Saa nzima nimechuchumaa, miguu imekufa ganzi, akatokea mzee na mundu wake. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umepoteza nini?"

Nilipomweleza, aliketi kwenye tuta. "Usitazame majani. Tazama pale tope linapoanzia. Maji yakipungua, hutoka kutafuta minyoo."

Tukakaa. Filimbi kali ikapasuka karibu kabisa, ya haraka, ikashuka taratibu hadi ikazimika. Kisha akatoka! Hatua nne topeni, mkia ukichezacheza na weupe wa chini yake ukimeta, akadonoa kitu, akageuka, akapotea. Sikugusa kamera. Nilikuwa nimemshika mzee mkono bila kujua, naye hakuutoa.



Mzee ndiye aliyenieleza habari za maji. Kinachobaki Ihefu, kinamasi cha Usangu, ndicho kinachoulisha mto Ruaha Mkuu, na tangu 1993 mto huo hukatika kiangazi huko chini hifadhini. Mwaka 2008 Ihefu iliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Lakini mpunga nao unakunywa kutoka mito ileile inayoijaza Ihefu, na mpunga ndio uliosomesha watoto wake. Sikuthubutu kumwambia afunge mfereji.

Nikamsimulia kwetu Pangani, mikokoni, jinsi bahari inavyoondoka na kuacha tope tupu, kaa wakitembea.

"Na maji hurudi?"

"Hurudi, mzee wangu. Mara mbili kwa siku."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akautazama mfereji wake kwa muda mrefu, kisha akaokota mundu.